Mimba ya Sukari

Kipindi cha kwanza kilisikilizwa na watu tisa, na watatu kati ya hao tisa alikuwa Lusubilo mwenyewe: mara moja kwa simu yake, mara moja kwa simu ya mkewe, na mara moja kwa simu ya fundi Ipyana, aliyoiazima akisingizia kwamba anataka kupiga. Cha pili kilipata saba. Cha tatu, ambacho alikihangaikia wiki nzima na kukiandika kwenye daftari kabla ya kukirekodi, kilipata watano.

Hakuwa ametarajia hivyo. Miaka mitano alisoma salamu na matangazo ya vifo katika redio moja ya mkoani, na mitaani Tunduma watu walimtambua kwa sauti kabla ya sura. Mkataba wake ulipoisha na usiongezwe, alimwambia mkewe, Ruti, asiwe na hofu. Wasikilizaji ni wa kwake, si wa redio, na watamfuata popote atakapokwenda.

"Podikasti ni redio isiyo na bosi," alimweleza. "Nikifika kipindi cha tatu, wenye biashara zao wataanza kunitafuta wenyewe."

Ruti hakujua podikasti ni kitu gani, ila alijua mumewe amekaa nyumbani miezi minne na ameanza kuwanunia hata majirani. Zamu yake ya upatu ilipofika, fedha aliyokuwa ameipangia kununulia magunia mawili ya mchele wa Momba aliitoa, wakanunua maikrofoni yenye mguu wa chuma. Lusubilo alishikilia kwamba bila chombo cha maana, mtu huonekana anacheza.

Basi kila asubuhi Ruti akishaondoka kwenda sokoni, Lusubilo alifunga dirisha, akatundika blanketi mlangoni ili ngurumo za malori yaliyopanga foleni ya mpakani zisiingie, akaketi kitandani na kuzungumza. Alizungumza juu ya kujiamini. Alizungumza juu ya vijana na uongozi. Akitoka nje kukutana na watu, wote walimuuliza swali moja.

"Siku hizi unasikika masafa gani?"

"Hakuna masafa. Unaingia mtandaoni, unabonyeza, unasikiliza saa yoyote unayotaka."

"Saa yoyote?"

"Saa yoyote."

"Basi nitasikiliza baadaye."

Na hiyo baadaye haikufika.

Ipyana alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu karibu na stendi, na hakuwa mtu wa kupambapamba maneno. Siku Lusubilo alipokwenda kumlalamikia kwamba labda maikrofoni ina hitilafu, Ipyana aliiweka bisibisi chini.

"Kaka, nikwambie ukweli au nikufurahishe?"

"Niambie tu."

"Maikrofoni ni nzima. Wewe ndiye unahutubia. Mtu ametoka kusukuma toroli tangu alfajiri, halafu wewe unamwambia ajiamini. Atajiamini na nini? Watu wanataka kisa, kaka. Kisa chenye mtu ndani yake. Mbona ukija hapa unatuvunja mbavu? Hapa mpakani visa vimekosa pa kulala. Toa kimoja."

Lusubilo aliondoka akiwa amekasirika. Alipofika nyumbani, hasira ilikuwa imekwisha na kisa alikuwa nacho.

*

Alikisimulia kwa dakika tisa, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alijisikia kama mtu aliye hai.

Kilikuwa kisa cha mama mmoja aliyevuka asubuhi kwenda Nakonde, upande wa Zambia, akiwa na tumbo bapa, akarudi mchana akiwa na mimba ya miezi minane. Mimba yenyewe ilikuwa kilo sita za sukari, zilizofungwa tumboni chini ya kitenge, maana sukari ya ng'ambo ilikuwa nafuu na ushuru ulikuwa mkali. Katika kichochoro cha kupitia, mama akakutana na mgambo wa kike.

Hapo Lusubilo aliigiza sauti mbili. "Mama, hiyo ya miezi mingapi?" "Minane, dada." "Asubuhi ulipita hapa huna kitu. Imekua haraka hivyo?" Mama akataka kukimbia, kamba ikakatika, mfuko ukapasuka, na sukari ikaanza kumwagika miguuni mwake mbele ya halaiki ya watu. "Akajifungua mchanga mweupe, ndugu msikilizaji! Wakunga wakajitokeza kila upande, kila mmoja na kikombe chake!" Watu wakazoa, wakacheka, na mama naye akachuchumaa azoe chake, kiatu kimoja mguuni, kingine hakijulikani kilikokwenda.

Lusubilo mwenyewe alicheka mara tatu wakati wa kurekodi, na hakuzikata.

Mama huyo alikuwa Ruti. Ilikuwa miaka sita iliyopita. Jina hakulitaja. Tena kisa kilikuwa na sehemu nyingine, ambayo aliiacha kwa sababu haikuchekesha. Kabla ya kukituma alisita, akanyanyuka, akanywa maji, akaketi tena. Alijiuliza ni nani atakayemjua. Watu watano! Na kati ya hao watano, ni nani aliyekuwepo pale kichochoroni? Akabonyeza.

Hakujua kwamba watu watano wanatosha. Mmoja wao alikata kipande cha dakika mbili, chenye zile sauti za kuigiza, akakitupa katika kundi la madereva. Madereva wakakipeleka Mbeya na Makambako, na kutoka huko kikarudi Tunduma kikiwa kimebatizwa jina: "Mimba ya Sukari." Kufika Alhamisi, kipindi kizima kilikuwa kimesikilizwa na watu elfu kumi na moja. Kijana wa bodaboda alimpita Lusubilo barabarani akampigia honi: "Baba Sukari!" Naye akapunga mkono, akicheka.

Ijumaa asubuhi alipigiwa simu na mtu mwenye duka la magodoro. Alitaka tangazo lake lisomwe mwanzoni mwa kila kipindi, mwezi mzima, na fedha aliyoitaja ilizidi mshahara wa redioni. Lusubilo alivaa shati lake jeupe akatoka mbiombio kuelekea sokoni, ili Ruti awe wa kwanza kuambiwa.

*

Ruti alikuwa na meza ya mchele na maharage katikati ya soko. Meza iliyofuata ilikuwa ya Mwasiti, mwanamke wa Kitanga aliyeuza viungo na ambaye hakupitwa na jambo lolote. Lusubilo alipokaribia, aliwakuta wanawake saba au wanane wamemzunguka Mwasiti na simu yake, na juu ya vichwa vyao akasikia sauti yake mwenyewe.

Alisimama nyuma ya magunia. Alitaka waicheke kwanza, ndipo ajitokeze.

"Jamani, si mume wangu huyo!" Ruti alisema kwa nguvu. Alikuwa anajifuta mikono kwenye kitenge, uso umechangamka. "Mwasiti, ongeza sauti! Mlikuwa mnaniuliza kazi gani anafanya nyumbani. Haya, sikieni wenyewe!"

Mwasiti akaongeza sauti. Wanawake wakasogeleana. "Mama, hiyo ya miezi mingapi?" ilisema simu, na kicheko kikapasuka. Ruti alicheka pamoja nao. Alicheka kwa sababu walicheka, na kwa sababu sauti ilikuwa ya mumewe.

Halafu Lusubilo akamwona akiacha kucheka. Uso haukubadilika mara moja. Tabasamu lilibaki pale pale, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba, na macho ndiyo yaliyotangulia kuondoka. Kipande kilipofika kwenye kiatu kimoja, mama mmoja mzee aliyekuwa anauza ndizi alijipiga paja.

"Mimi nilikuwepo siku hiyo! Nilikuwa na beseni langu pale pale. Alikuwa binti mwembamba, mweupemweupe…" Akageuka polepole. "Ruti. Si ulikuwa wewe?"

Mteja mmoja kutoka Nakonde, aliyekuwa amebeba mtoto mgongoni, aliuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza bei: "Bamayo," yaani mama, "ndiyo wewe?"

Ruti alichukua kopo lake la kupimia, akachota mchele, akaumimina kwenye mfuko wa yule mteja. Akachota tena. Alipima makopo sita kwa mtu aliyeomba manne. Mwasiti alikuwa ameshaizima simu na kuificha kwenye khanga, lakini kwa mbali, meza za vitunguu, mtu mwingine alikuwa anakisikiliza kipande hicho hicho.

Ndipo Ruti akamwona mumewe nyuma ya magunia, na shati lake jeupe.

"Karibu, baba," alisema mbele za watu, kwa adabu ile ile ya siku zote.

Lusubilo hakumwambia habari za magodoro.

*

Nyumbani Ruti alikunja nguo zake juu ya kitanda alichokuwa akirekodia.

"Sikutaja jina," Lusubilo alisema.

"Hukutaja."

"Sikujua kitafika mbali. Kweli tena, Ruti, watu watano tu ndio waliokuwa wananisikiliza."

"Kwa hiyo watano ungewapa."

Ruti alifunga zipu ya begi.

"Ulicheka mara tatu," alisema. "Nilikuwa nahesabu, mbele ya wenzangu, nione kama ya tatu ndiyo ya mwisho."

Alikwenda kwao Ihanda jioni ile ile. Lusubilo alifuta kipindi kabla gari halijafika Vwawa, kisha akakimbia kwa Ipyana kumuuliza namna ya kufuta vile vipande vingine.

"Umefuta chako," Ipyana alisema bila kumtazama. "Cha watu kiko kwenye simu zao." Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Alikuwa shemeji?" Lusubilo alipoitikia kwa kichwa, Ipyana aliendelea kuifungua simu aliyokuwa nayo mkononi, skrubu moja baada ya nyingine, mpaka mgeni wake akaelewa kwamba ameambiwa aondoke.

Yule wa magodoro alipiga simu Jumamosi, akapiga na Jumatatu. Alitaka kujua mbona hakioni tena kipindi kile cha sukari, maana ndicho alichokipenda.

*

Siku ya tano Lusubilo alipanda gari akashukia Ihanda, akatembea kwa miguu hadi kwa wakwe zake. Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa. Mkwewe, mzee Eliakim, alikuwa peke yake kwenye vichanja vya kuanikia, anatenga punje mbovu. Alimwitikia salamu, akamwelekeza kwenye kigoda, na mikono yake ikaendelea na kazi.

"Mwanangu amekuja na begi," mzee alisema. "Hasemi kitu. Anachuma kahawa kama kibarua, akirudi analala. Sasa Boazi, huyu mwanangu wa mwisho, juzi alinisogezea simu. Akasema, baba, sikiliza shemeji anavyochekesha. Ile sauti ni yako?"

"Ni yangu, baba."

"Nilicheka."

Lusubilo aliinamisha kichwa.

"Nilicheka mimi, Lusubilo. Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia Boazi arudie. Alipokuwa anarudia, nikamwona Ruti amesimama mlangoni na kikapu." Mzee alitupa punje mbovu chini. "Sijamuuliza. Baba humuulizaje mwanawe jambo kama lile? Nakuuliza wewe. Nataka kujua nilicheka nini."

Lusubilo alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi, tangu kwenye gari alikuwa anayapanga. Yote yakapotea.

"Ile sukari niliifunga mimi," alisema.

Mzee aliendelea kutenga punje, naye akaendelea.

"Hatukuwa na kitu ndani. Redio nilikuwa sijaipata. Nilisikia kwamba wajawazito hawakaguliwi. Ruti hakutaka. Nilimbembeleza siku mbili. Tulivuka wote, na mimi ndiye niliyemfunga, kule Nakonde, kwa mpira wa baiskeli, ili ukaze. Akaniambia unambana. Nikamwambia avumilie, ni mwendo wa dakika kumi."

"Unambana," mzee alirudia.

"Alikuwa na ujauzito kweli, baba. Wa miezi mitatu."

Mikono ya mzee Eliakim ikasimama juu ya kahawa.

"Wakati ule tuliambiwa anaugua malaria," alisema. "Alituambia mwenyewe. Mama yake alikwenda kumuuguza, akarudi na habari hiyo hiyo."

"Haikuwa malaria. Alipotaka kukimbia alianguka. Siku ya pili yake mimba ikatoka."

"Na alipoanguka wewe ulikuwa wapi?"

"Nilitangulia kuvuka. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, nyuma ya lori."

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Ukafanya nini?"

"Nilisubiri watu wapungue."

Mzee alivuta pumzi ndefu. Hakupandisha sauti wala hakunyanyua mkono, na Lusubilo aliona afadhali angefanya hivyo. Alisema tu, "Miaka sita nakukaribisha hapa, nakukatia ndizi uende nazo kwako." Akageuka kuutazama mlango wa jikoni, na ndipo Lusubilo alipotambua kwamba Ruti alikuwa amekaa pale ndani kwenye kizingiti, na kwamba alikuwa amesikia yote.

*

Ruti alimpeleka shambani, katikati ya mistari ya mibuni, mbali na nyumba. Akaweka kikapu chini.

"Washa simu," alisema. "Rekodi. Sema kama ulivyomwambia baba."

Lusubilo aliona mlango wa msamaha umefunguka kidogo. Alifikiri ameuelewa mpango: atasema ukweli, ataurusha, na wale elfu kumi na moja watausikia. Atatubu mbele yao. Aliishika simu karibu na mdomo, akakohoa kusafisha koo.

"Wapendwa wasikilizaji wangu popote pale mlipo…"

"Si kwa sauti hiyo."

Alianza upya. Hiyo sauti nyingine, ya mtu wa kawaida, ilikuwa nyembamba kuliko alivyodhani. Alisema juu ya mpira wa baiskeli. Alisema juu ya lori. Alisema watu hawakupungua, yeye akatangulia nyumbani na Ruti akarudi peke yake, na kwamba siku ya pili…

"Umeruka," Ruti alisema.

"Nimeruka nini?"

"Nilipofika nyumbani. Nilikukuta umekaa. Nilisimama mlangoni, magoti yamechubuka, sukari imeganda miguuni kwa jasho. Uliniambia neno. Neno la kwanza kabisa. Liseme."

Simu ilikuwa bado inarekodi. Upepo ulipita juu ya majani ya kahawa. Lusubilo alilikumbuka neno lile papo hapo, kwa kuwa halikuwahi kumtoka. Hata siku ile anarekodi kitandani, lilikuwepo, nyuma ya kicheko, na alicheka kwa nguvu zaidi ili asilisikie.

"Nilikuuliza imebaki kiasi gani," alisema.

"Mwambie anayekusikiliza, usiniambie mimi. Mimi nalijua."

"Nilimuuliza mke wangu," Lusubilo aliiambia simu, na machozi yakamtoka bila sauti, "nilimuuliza imebaki sukari kiasi gani."

Ruti alinyoosha mkono. Akaichukua simu, akakaa chini penye majani makavu, akakisikiliza chote tangu mwanzo hadi mwisho, macho yake yakiwa kwenye vidole vyake vilivyopakaa utomvu wa kahawa. Kilipokwisha alibonyeza, akabonyeza tena, kisha akamrudishia. Lusubilo aliangalia. Kilikuwa kimefutwa.

"Nilidhani unataka nikitume," alisema. "Watu wajue. Wajue kwamba kosa lilikuwa langu."

"Wamenicheka watu elfu ngapi sijui. Sasa unataka wengine elfu wanihurumie, na wewe wakusifu kwamba umetubu?" Alisimama, akajipangusa. "Sikutaka wao wasikie. Nilitaka wewe."

Akainua kikapu chake, akaanza kuchuma. Lusubilo alibaki amesimama. Hakujua kama anaruhusiwa kumsaidia, na hakuthubutu kuuliza.

"Nenda, gari zisije zikakuishia," Ruti alisema. "Mchele uko chini ya meza, magunia mawili na nusu. Usipouzwa utaingia wadudu."

"Wakiniuliza utarudi lini, niseme nini?"

Ruti alivuta tawi, akachuma punje nyekundu moja moja, akaziacha za kijani. "Sema hujui."

*

Kesho yake Lusubilo alifungua meza ya mkewe. Mwasiti alimwona, akageuza kiti chake upande wa pili. Mama wa ndizi alimwangalia mpaka akamaliza kumwangalia. Alikuwa hajawahi kupima mchele, na mara mbili kopo lilimponyoka, ukamwagika juu ya meza.

Mteja wa kwanza alikuwa mwanamke kijana asiyemfahamu. Aliutazama mchele, akautia kiganjani, akaunusa. Kisha akaangaza huku na huku.

"Hii si meza ya Mama Sukari? Yuko wapi leo?"

Kwa sauti yake ile nyembamba, ambayo hakuna msikilizaji yeyote wa redio angeitambua, Lusubilo alimjibu.

"Anaitwa Ruti," alisema. "Mimi ni mume wake. Sijui atarudi lini."

Mwanamke yule alimtazama, akautazama mchele, akaurudisha guniani taratibu, akaenda kununua meza nyingine.